Gauni Lililopigwa Pasi

Muuguzi alimpa mfuko mweusi wa plastiki, umefungwa fundo, akamwambia, "Hizi nguo za mgonjwa wako. Nenda nazo nyumbani, hapa zinapotea." Basi akaenda nazo. Laiti muuguzi yule angeongeza neno moja tu. Lakini muuguzi alikuwa na wagonjwa arobaini wa kuangalia, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuuliza.

Wateja walimwita Dobi Mkubwa, na mdogo wake walimwita Dobi Mdogo. Walikuwa wamefua pamoja miaka kumi na moja, katika vyumba viwili vyenye ua wa saruji kwa nyuma. Dobi Mdogo ndiye aliyekuwa na maneno. Ndiye aliyezunguka kwa wateja kuchukua nguo na kuzirudisha, akitania mlango hadi mlango. Dobi Mkubwa alifua. Mteja akifika siku ambayo mdogo mtu hayupo, Dobi Mkubwa alitabasamu tu akanyoosha mikono kupokea mzigo, na wengine wakadhani ni bubu.

"Si bubu," mdogo wake aliwaambia. "Anaweka akiba. Siku akitoa, mtahama mtaa."

Asubuhi ile Dobi Mdogo alitoka na furushi la mashuka ya nyumba ya wageni kichwani. Zikiwa zimebaki hatua chache afike kwenye lango la nyumba hiyo, gari likamgonga kwa nyuma na kupitiliza bila hata kupunguza mwendo. Watu waliomwokota walimfikisha hospitali, wakasema wamemkuta ameanguka barabarani, wakatoweka kabla ya kuulizwa majina. Nani hajui kwamba anayeleta majeruhi ndiye anayekalishwa benchi la polisi siku nzima? Karani akaandika alivyosikia: ameanguka.

Dobi Mkubwa alifungua ule mfuko uani. Ndani mlikuwa na gauni la njano lenye vifungo mbele, lile ambalo mdogo wake alilipenda kuliko yote. Kwao doa halikulala. Ndivyo mama yao alivyowafundisha kazi: nguo yenye damu isilione jua la pili. Akaliloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, kwa sababu damu ukiipa maji moto inang'ang'ania. Weusi wa mgongoni akautoa kwa mafuta ya taa na sabuni ya kipande, polepole, mpaka vidole vikachubuka. Akalianika. Akalipiga pasi, akakaza kifungo kimoja kilicholegea, akalikunja kama la mteja mkubwa. Aliwaza jambo moja tu: mdogo wangu akiruhusiwa, atavaa nini kurudi nyumbani?

Siku ya tatu alilipeleka hospitali kwenye kikapu. Kitanda alikikuta kitupu, kimetandikwa shuka jipya.

*

Miezi mitano na ushee baadaye, Dobi Mkubwa na kaka yake walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki katika ofisi ya msaada wa kisheria, ghorofa ya pili, juu ya duka la madaftari. Kaka yake alikuwa mshona viatu. Tangu msiba, kila Jumapili alizunguka gereji za mji mzima akitafuta gari lenye taa iliyopasuka au ubavu uliobonyea. Mafundi wa huko walishamzoea, na nyuma ya mgongo wake walimwita Mkaguzi.

Wakili alikuwa binti mdogo kuliko walivyotarajia, mwenye miwani iliyoteleza kila alipoinama. "Shikamooni," aliwaamkia, na mshona viatu akaitikia kwa mashaka, kama mtu aliyeletewa daktari ambaye bado anasoma.

"Watu wanadhani gari likikimbia ndiyo basi," binti alisema. "Si basi. Gari lingejulikana, bima yake ingelipa, mwenyewe apende asipende. Kama halijulikani, kuna mfuko wa fidia. Kila anayekata bima ya gari, kuna kidogo kinachochukuliwa na kuwekwa humo, kwa ajili ya watu waliogongwa na magari yaliyokimbia. Marehemu ameacha mtoto, na mtoto ana haki. Mfuko utamsaidia kula na kusoma mpaka awe mtu mzima."

Mshona viatu alikunja uso. "Kwa hiyo na huyo aliyemgonga amechangia?"

"Kama alikata bima, ndiyo."

"Basi alilipa kwanza, ndipo akaua."

Wakili alisukuma miwani juu, akaangalia karatasi zake. "Shida ni hii. Hospitali wameandika ameanguka. Na polisi mlikwenda baada ya mazishi, nao wakaandika inadaiwa aligongwa. Mfuko haulipi mtu aliyeanguka. Lazima tuonyeshe kwamba gari lilimgusa. Na siku za kupeleka maombi zimebaki kumi na moja. Kuna aliyeona?"

"Wamesikia kishindo wote. Kuona, hakuna."

"Nguo alizovaa siku ile?"

"Zipo!" Mshona viatu alipiga goti lake kwa kiganja. "Zipo, anazo dada, kwenye mfuko ule ule wa hospitali. Hilo ndilo tegemeo langu, mwanangu. Siku nikilishika lile gari, wataalamu wataleta nguo, wataleta gari, watalinganisha rangi. Au nasema uongo?"

"Husemi uongo. Inaweza kubaki rangi, chembe ya kioo, alama ya tairi. Zisifuliwe, zisikung'utwe hata kidogo. Jumatatu mniletee."

Wote wawili wakamgeukia Dobi Mkubwa.

Alijua kilichokuwa kwenye gauni lile, kimoja kimoja, na kila kimoja alijua alikitoa kwa kitu gani. Akaitikia kwa kichwa.

*

Mtoto wa marehemu alikuwa na miaka saba, na jina la nyumbani aliitwa Kitufe, kwa sababu kazi yake pale uani ilikuwa kuokota vifungo vilivyokatika na kuvipanga kwa ukubwa. Baba yake aliondoka kabla hajajua kutambaa. Sasa dada wa baba huyo alikuwa ametuma ujumbe: atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kumchukua mtoto, safari ya siku mbili, akakae naye. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ukweli tu, kwamba dobi mmoja hawezi kufanya kazi ya wawili na kulea juu yake. Na kweli wateja walikuwa wakipungua. Nani angewafuata milangoni?

"Mama mkubwa," Kitufe alimwuliza jioni ile, "kwa shangazi nitakaa siku ngapi?"

"Bado hatujajua."

"Nikirudi, hapa kutakuwa hapa hapa?"

Dobi Mkubwa aliinamia beseni, akakamua soksi ambayo alikwisha kuikamua.

Asubuhi iliyofuata, akiwa anatandaza mashuka kwenye kamba, mikono ikasimama juu. Mashuka. Siku ile mdogo wake alikuwa na furushi. Na mchana wa siku ile ile, yeye akiwa ametoka hospitali macho mekundu, nyumba ya wageni ilimtumia mtu kusema kwamba mashuka yamefika machafu, moja limeharibika kabisa, na dobi alilipe. Alikuwa amelilipa. Hakueleza kitu, akafua bure wiki mbili kufidia. Tangu hapo nyumba ile haikumletea hata leso.

Akaacha shuka moja likining'inia kwa upande, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mnene wa makamo. Mtaani walimwita Mama Mapazia, kwa sababu kila dirisha lake lilikuwa na mapazia mawili na yeye akichungulia katikati. Alipomwona Dobi Mkubwa mlangoni, alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Dobi. Najua umekuja kunitukana. Nitukane tu. Na mimi najitukana kila nikipita hapo langoni. Siku ile sikujua, mwenzangu! Nilikuwa nimetoka sokoni, nakuta shuka lipo hivyo, wageni wanasubiri, nikapanda hasira. Nilipokuja kuambiwa ni mdogo wako, nikashindwa hata kuja msibani. Nije na uso gani? Na ndiyo maana nikabadilisha dobi, si kwamba kazi yako mbaya, huyu wa sasa ananirudishia mashuka kama karatasi ya kufungia maandazi..."

"Shuka," Dobi Mkubwa akasema.

"Nitakulipa, tena leo."

"Sitaki hela. Nataka shuka lenyewe. Lipo?"

Mama Mapazia alifunga mdomo, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Nililikata," akasema mwishowe. "Nusu nilifanya matambara. Nusu iko stoo, imefunika godoro."

Waliingia stoo, chumba chenye ndoo na vitanda vilivyovunjika miguu. Mama Mapazia aliondoa maboksi juu ya godoro, akavuta kitambaa, akakigeuza upande wa chini. Ilikuwepo. Mistari myeusi ya tairi, imepangana kama mshono wa viatu vya kaka yake, kuanzia kwenye pindo mpaka mahali mkasi ulipopita.

"Nililisugua kwa mikono yangu," Mama Mapazia alisema kwa sauti ya chini. "Halikutoka. Ndipo nikasema, dobi gani huyu, ameshindwa hata na doa."

"Lingetoka," Dobi Mkubwa akajibu. "Mafuta ya taa. Halafu sabuni ya kipande. Unangoja kwanza. Unangoja..."

Hakumaliza. Kwenye mazishi alikuwa amesimama mkavu, na watu walisema ana moyo wa jiwe. Sasa alikaa kwenye lile godoro, nusu shuka mapajani, akalia kwa sauti ambayo wageni wawili walifungua milango kuisikiliza. Mama Mapazia alisimama na mikono yake mikubwa, hajui aiweke wapi. Mwisho akakaa naye.

"Nitakuja kwa huyo wakili wenu," alisema kilio kilipopungua. "Nitasema mfagizi wangu aliliokota barabarani, na saa ngapi. Na nitasema nilikutoza. Hata hilo nitalisema, waliandike."

*

Jumatatu alifika kweli, amevaa kama mtu wa harusi, akasema yote bila kupunguza. Wakili aliandika, Mama Mapazia akatia sahihi, akaondoka akifuta jasho. Nusu shuka iliwekwa kwenye bahasha kubwa ya kaki. Miwani ya wakili ilikuwa imeteleza mpaka ncha ya pua, na hakuijali, kwa furaha.

"Hii inasukuma jalada. Shuka alikuwa amelibeba yeye, limeokotwa alipolala yeye, lina tairi. Hakuna aliyeanguka akajikanyaga kwa tairi." Akatoa fomu. "Imebaki hati ya kiapo. Kaka, wewe ndiye msimamizi wa mirathi, ndiye unayeapa: kwamba mmelitafuta gari na halikutambulika."

Mshona viatu aliichukua kalamu, akaishika kama msumari anaotaka kuupigilia, akaiweka chini.

"Mbona nguo hatujatoa? Niape vipi kwamba halitambuliki, na nguo tunazo? Dada, toa ule mfuko."

Dobi Mkubwa aliinua kikapu kilichokuwa miguuni pake. Akatoa kifurushi cha gazeti, akakifungua juu ya meza. Gauni la njano lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe, kola imesimama, vifungo vyote mahali pake.

"Silo hili," kaka yake akasema. "Hili jingine."

"Ndilo."

Alilikunjua. Akaligeuza mgongo, akaligeuza mbele. Akalisogeza puani, na harufu ya sabuni ikamjibu. Wakili aliacha kuandika.

"Umelifua."

"Alikuwa bado hai," Dobi Mkubwa akasema. "Nilijua atalivaa."

"Miezi mitano!" Mshona viatu alisimama. "Kila Jumapili nalala chali chini ya magari ya watu. Wananicheka, wananiita Mkaguzi, unadhani sisikii? Navumilia, najiambia, nguo zipo kwa dada. Na wewe unaniona natoka! Unanijazia maji kwenye chupa, unanipa na chapati mbili za njiani, unaninyamazia!"

Hakungoja jibu. Waliisikia miguu yake ikishuka ngazi.

"Dada, mfuate," wakili alisema taratibu. "Mwambie kutia sahihi si kusamehe. Jalada la polisi halifungwi. Gari likipatikana hata baada ya miaka mitatu, dereva atashtakiwa, na mfuko utamdai ulicholipa. Lakini siku zetu zimebaki chache, na bila yeye siwezi."

Dobi Mkubwa alilikusanya gauni, safari hii bila kulikunja, akashuka.

Alimkuta kaka yake kwenye ngazi ya mwisho, mbele ya duka la madaftari, amekaa anatazama barabara. Ilikuwa saa tisa mchana, magari yamejaa. Akakaa karibu naye, si karibu sana.

"Kulikuwa na rangi?" aliuliza bila kumgeukia.

Dobi Mkubwa angeweza kusema hapana. Neno moja, na lingemrahisishia kila kitu: kaka yake angepanda juu, angetia sahihi, mambo yangekwisha. Alilishika neno hilo mdomoni muda mrefu.

"Ilikuwepo. Kiunoni, upande wa kushoto. Mchirizi kama huu." Alionyesha urefu wa kidole.

"Rangi gani?"

"Bluu."

Mshona viatu aliinuka. Uso wake ulipata uhai ambao Dobi Mkubwa hakuupenda hata kidogo. "Bluu gani? Ya mbingu? Ya sare za shule?"

"Bluu tu."

Gari la bluu lilikuwa linakuja. Ndani mlikuwa na mwanamke na watoto watatu wanagombania dirisha. Kaka yake akaangalia taa, akaangalia ubavu, likapita. Likaja gari la kusambaza mikate, bluu. Kwenye njia panda likasimama moja kuukuu, naye akashuka kwenye lami akalizunguka, akainama, akapitisha mkono juu ya bampa lake.

"Vipi, mzee? Kuna kitu kinavuja?" dereva aliuliza, kijana mwenye uso mwema.

"Hakuna. Nenda."

Alirudi akiwa na vumbi kiganjani. Lingine likapita. Na lingine.

"Niliitoa kwa thina," Dobi Mkubwa alisema. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivi kwa mfululizo. "Kwa kitambaa, kidogo kidogo, ili njano isipauke. Ilichukua muda. Nilikuwa na muda wote wa kufikiri kwamba hii ni rangi ya gari, na sikufikiri. Niliwaza gauni. Nichukie, kaka. Usiponisemesha mwaka mzima nitakuona una haki. Lakini Ijumaa shangazi yake anakuja, bila maombi hayo sina cha kumzuilia, na Kitufe ameanza kugawa vifungo vyake, kipi aende nacho na kipi akiache hapa. Siwezi kumwambia asubiri mpaka uyamalize magari yote ya bluu."

Mshona viatu alikaa tena. Gari la bluu likapita, akaligeuzia kichwa. Likapita la pili, naye alikuwa anatazama viatu vyake. La tatu hakuliona kabisa, kwa kuwa alikuwa amechukua gauni kutoka mapajani mwa dada yake na kulikandamiza usoni kwa mikono yote miwili, na mabega yake yalikuwa yakienda juu na chini.

Baadaye alijifuta. "Yule mtoto wakili bado yupo juu?"

"Yupo. Anafunga saa kumi."

Walipanda. Alishika ukuta kama mzee. Wakili akamsogezea fomu na kiti. Kalamu ikaanza kwenda polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika namba chini ya soli. Aina ya gari: haijulikani. Namba ya usajili: haijulikani. Jina la dereva: halijulikani. Kila neno aliliandika kamili, wala hakutaka kufupisha.

Kisha akafika mahali palipoulizwa rangi ya gari, kama inajulikana. Kalamu ikasimama. Akainua macho kumtazama dada yake.

"Bluu," Dobi Mkubwa akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ngazi.

Akaandika.